Tiketi yake ilisema saa 6:00

Mama mmoja aliachwa na basi kwa sababu ya sentensi niliyoiandika mimi.

Alikuwa anakwenda Same kwenye arobaini ya kaka yake. Dua ilikuwa isomwe baada ya magharibi. Binti yake alimkatia tiketi kwa simu, kwenye tovuti ya kampuni moja ya mabasi niliyoitengeneza, na ujumbe ukamfikia mama: "Basi linaondoka saa 6:00." Mama akasoma saa sita. Akafika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis saa tano kasoro asubuhi, na mapema yake, akiwa na mfuko wa mchele na kanga mpya za wifi yake, akaketi kusubiri. Basi lilikuwa limeshaondoka tangu saa kumi na mbili.

Wakala ndiye aliyenipigia. Naishi Kimara, nikachukua bodaboda nikafika upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanipa simu yake. "Hebu nisomee hapa, mwanangu. Pameandikwa saa ngapi?"

Nikasoma. "Saa sita," nikasema, maana ndivyo palivyoandikwa.

Hakunigombeza. Alikunja kanga zake upya, akazirudisha kwenye mfuko. Tukamtafutia basi la saa saba mchana, nauli nikalipa mimi, lakini kutoka Mbezi hadi Same hata ukienda vizuri huwezi kuondoka saa saba ukawahi magharibi. Dua ilisomwa bila yeye.

Ninaandika haya kwa wenzangu wanaotengeneza tovuti za Kiswahili, kwa sababu kosa lile halikuwa la uvivu. Nilikuwa nimejitahidi. Mwaka wa kwanza tovuti ile ilikuwa ya Kiingereza, na tiketi ilionyesha tarakimu tupu, 06:00. Hakuna abiria aliyekosea. Sisi tumezoea: simu ikionyesha 06:00, jicho linaona sita na mdomo unasema kumi na mbili, wala mtu hahisi kwamba amefanya hesabu. Kisha kampuni ikaomba tovuti iwe ya Kiswahili, jambo nililolifurahia sana. Nikakaa mchana mmoja nikatafsiri kila kitu. Kwenye muda nikaongeza neno "saa" mbele ya tarakimu, nikaondoa na ile sifuri ili ipendeze. Sikujua kwamba neno hilo moja linageuza maana yote. Tarakimu tupu ni saa ya mashine. Ukishatanguliza "saa", umeingia kwenye lugha ya watu, na kwa watu saa 6 ni jua la utosi au usiku wa manane.

Nilikuwa nimetafsiri maneno nikaiacha saa ya Kiingereza humo humo ndani.

Marekebisho yenyewe si magumu, nitayaeleza ili mtu asianze upya. Ndani ya hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, muda unabaki wa saa 24, haugusi mtu. Unapouonyesha kwa Kiswahili unatoa sita, na ikishindikana unaongeza; jibu likizidi 12 unatoa 12, na likiwa sifuri unaandika 12: 07:00 inakuwa saa 1, 13:00 inakuwa saa 7, 21:00 inakuwa saa 3, na 06:00 inakuwa saa 12. Kazi inayotaka fikra ni neno la mwisho, kwa kuwa saa bila wakati wa siku haijakamilika. Nilizungumza na mawakala wale wa stendi, watu wanaotaja saa kutwa nzima, tukakubaliana hivi: kuanzia saa 10 usiku ukiisha tunaandika alfajiri, kuanzia saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 10 jioni, na kuanzia saa 1 usiku. Walibishana kidogo juu ya saa 10, mmoja akitaka alasiri. Nikachagua jioni kwa sababu inaeleweka kwa wengi zaidi. Na pembeni, kwa maandishi madogo, tunaacha tarakimu za saa 24, maana wapo wageni wanaopanda mabasi hayo hayo, na wapo vijana wanaopenda kuhakikisha mara mbili.

Baada ya hapo sikuiamini tena sentensi yoyote niliyoiandika. Nikaomba ruhusa ya kukaa stendi siku mbili.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti ambaye ameshughulika na mambo haya kwa miongo mingi, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu tovuti na watu 5 tu utaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Nikatafuta watu watano: mama lishe, mzee mstaafu wa reli, dada wa saluni, dereva wa bodaboda na kijana wa chuo. Kila mmoja alitumia simu yake mwenyewe, nami nikamwekea bando. Nikawaambia jambo moja tu: kata tiketi ya kwenda Moshi kesho. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikoniwia kigumu kuliko kuandika programu yoyote. Unamwona mtu kidole chake kinazunguka juu ya kitufe unachokijua, unatamani kumshika mkono. Lakini siku tovuti itakapokuwa mkononi mwake saa nne usiku nyumbani kwake, wewe hutakuwepo.

Kijana wa chuo ndiye niliyedhani atamaliza haraka. Akasimama kwenye nafasi ya kwanza kabisa. Akaniangalia.

"Kaka, kwa nini wanataka kabila langu?"

Nikainama kuangalia. Nafasi ya kwanza ilikuwa imeandikwa "Asili". Kwa Kiingereza palikuwa na neno la mahali safari inapoanzia, na kamusi ikanipa asili, nikaiweka. Kijana alikuwa sahihi. Ukimuuliza Mtanzania asili yake unamuuliza kwao, na katika nchi hii hatuulizani hivyo kabla ya kuuziana kitu. Siku ile ile pakawa "Unatoka wapi?" na chini yake "Unakwenda wapi?" Ndivyo mpiga debe anavyouliza, na hakuna abiria ambaye hajawahi kulijibu swali hilo.

Dada wa saluni alitafuta mahali pa kukata tiketi asipaone. Kitufe kilikuwa mbele ya macho yake, kikubwa, cha kijani. Kilisema "Hifadhi nafasi". Nikamuuliza baadaye alidhani ni nini. Akasema alidhani ni ya kupunguza vitu kwenye simu, kama inavyoandikwa simu ikijaa. Mabasi yameanza kupita barabara zetu kabla hatujazaliwa na muda wote huo watu wamekuwa wakikata tiketi. Hawahifadhi, hawaweki nafasi, hawafanyi uhifadhi. Wanakata tiketi. Nikaandika "Kata tiketi".

Naamini jambo hili kwa moyo wote: tovuti nyingi za Kiswahili zinaandikwa kwa Kiswahili cha hotuba. "Wasilisha" ni neno zuri la bungeni, lakini mama lishe hawasilishi kitu, anatuma, au analipa. Sasa kitufe chetu cha mwisho kinasema "Lipa" na kiasi cha nauli pembeni, ili mtu ajue kabla ya kugusa ni nini kitatokea. "Nywila", yaani neno la siri la kufungulia akaunti, nimeiacha pia. Nimewasikia wataalamu wakiitetea, na sina ugomvi na neno lenyewe, ila kati ya watu wangu watano ni kijana wa chuo peke yake aliyelijua. "Namba ya siri" wanaijua wote kwa sababu ya kutuma pesa kwa simu, huduma ambayo M-Pesa ilituletea Tanzania mwaka 2008. Mwishowe hata hiyo hatukuihitaji: tukaacha kabisa kudai mtu afungue akaunti. Ukikata tiketi unatoa jina na namba ya simu, basi.

Mzee wa reli alinifundisha kuhusu ile mistari mitatu inayofungua orodha ya kurasa za tovuti. Ni alama iliyochorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na siku hizi kila mtengenezaji wa tovuti anaibandika kwenye kona ya juu akiamini dunia nzima inaijua. Mzee alikuwa anataka kuiona tiketi aliyokwisha kuikata. Njia ya kufika huko ilikuwa imefichwa nyuma ya mistari ile. Aligusa nembo ya kampuni, akagusa picha ya basi, akashusha ukurasa mpaka chini, akaupandisha. Mistari mitatu hakuigusa. Nilipomuuliza akasema alidhani ni urembo. Nikafikiria kuandika "Menyu", dada wa saluni akasema hiyo si ya chakula? Nikaacha vyote. Juu ya ukurasa sasa pana vitufe vitatu vyenye maneno: Kata tiketi, Tiketi yangu, Tupigie. Mengine yote yako chini, na hakuna aliyeyaulizia.

Mengine niliyoyaona nayataja kwa haraka. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayaonekani kwenye jua la stendi. Kiwango cha kimataifa kinataka mwanga wa herufi na wa nyuma yake vitofautiane kwa angalau 4.5 kwa 1, nami nimeenda juu zaidi ya hapo. Picha kubwa ya basi linalopita milimani niliyojivunia ilikuwa inakula bando la watu kabla hawajaona nauli; nimeitoa. Namba ya simu inapokewa ikianza na 07, 06, 255 au alama ya kujumlisha, ikiwa na nafasi katikati au bila. Kompyuta ndiyo ipange, si abiria. Na kama unaandika tovuti ya Kiswahili, tangaza ndani ya ukurasa kwamba lugha ni "sw", kwa sababu programu zinazowasomea wasioona zitasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza usipofanya hivyo. Nimesikiliza kwa masikio yangu neno "kuondoka" likisomwa hivyo. Halieleweki.

Malipo yanastahili maelezo zaidi. Mama lishe alifika mwisho bila shida, akaombwa kwenye simu aweke namba ya siri, na salio halikutosha. Akaondoka kwenda kwa wakala wa pesa, akakuta foleni, akarudi. Ukurasa ukamwambia: "Kipindi chako kimekwisha." Akaniuliza kipindi gani. Siti ilikuwa imeachiliwa baada ya dakika 5, na jina lake na namba yake vyote vimefutika. Mimi nilikuwa nimepanga dakika 5 nikiwa nimekaa ofisini na salio kwenye simu. Watu wengi hawatembei na pesa kwenye simu; wanaiweka pale wanapoihitaji, na kuiweka ni safari. Sasa tunamshikia siti kwa nusu saa, tunampa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa ujumbe mfupi, na ukurasa unasema, "Siti yako tumeishika mpaka saa 5:40 asubuhi. Ukichelewa, anza tena hapa." Anaweza kuzima simu, akalipa kwa simu ya jirani.

Halafu kulikuwa na kalenda. Ile ya kuchagua tarehe niliichukua tayari imetengenezwa, nikaiwekea herufi ya kwanza ya kila siku. Angalia inavyokuwa kwa Kiswahili: J, J, J, J, A, I, J. Siku tano kati ya saba zinaanza na herufi moja. Dereva wa bodaboda alihesabu kwa kidole kutoka kushoto akajikuta amekata ya keshokutwa. Ningeweza kuandika majina mazima, lakini nilipowasikiliza mawakala kwa muda nikagundua kwamba abiria karibu hawataji tarehe. Wanasema leo, kesho, keshokutwa. Nikaitoa kalenda, nikaweka vitufe: Leo Jumatano, Kesho Alhamisi, Keshokutwa Ijumaa, na cha nne, Siku nyingine, ndicho kinachofungua kalenda yenye majina mazima. Lugha yetu inaendelea mbele zaidi, ina mtondo na mtondogoo, na nilitamani sana kuyatumia. Niliwajaribu watu wangu. Mzee alitabasamu, wengine hawakuyajua. Nikayaacha, na bado yananiuma.

Tulipomaliza nilimpigia yule mama wa Same. Nilikuwa na namba yake, na niliona ni haki yake kuiona. Akakubali kupita pale stendi siku aliyokuwa na mzigo wa kupokea. Nikamwonyesha ujumbe mpya:

"Mbezi kwenda Same, Ijumaa 14 Juni. Basi linaondoka saa 12:00 asubuhi (06:00). Fika saa 11:30 alfajiri. Siti C2."

Akausoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Akasema, "Hapa nimeelewa." Kisha akauliza, "Na haya mabasi ya usiku mtayaandikaje?"

Sikuwa nimeyafikiria. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi, na kampuni ilikuwa imeongeza la saa 3 usiku kwenda Arusha. Kwa anayepandia Mbezi hakuna utata. Lakini mimi kwetu ni Korogwe, na basi linaloondoka Dar es Salaam saa 3 usiku Alhamisi linapita Korogwe kama saa 8 usiku. Kwa mashine hiyo ni saa 02:00, tarehe imeshabadilika, ni Ijumaa. Ujumbe ungemwambia abiria wa Korogwe: Ijumaa, saa 8:00 usiku. Angelala usingizi wake Alhamisi, ashinde Ijumaa, na usiku wake aende stendi kusubiri basi lililopita jana.

Nikampigia mama yangu Korogwe. Nikamuuliza, mtu akikwambia usiku wa Ijumaa, unaelewa usiku gani?

"Usiku wa Ijumaa ni ule tunaosoma Yasini," akasema. "Alhamisi jua likishatua."

Nikamuuliza mdogo wangu, anaishi naye nyumba moja. Akasema usiku wa Ijumaa ni Ijumaa usiku, kuna swali gani hapo? Mama anahesabu siku kuanzia machweo, kama alivyofundishwa na wazee wake. Mdogo wangu anahesabu kama simu yake. Wanakaa chini ya bati moja, wanatumia maneno yale yale, na wamepishana usiku mzima. Hakuna aliyekosea, wala si kazi ya tovuti kuwaamulia.

Neno lililowapatanisha lilikuwa kwenye magazeti na kwenye taarifa za misiba siku zote: kuamkia. Nikaandika:

"Korogwe kwenda Arusha. Usiku wa Alhamisi 13 kuamkia Ijumaa 14 Juni, saa 8:00 usiku (02:00). Fika saa 7:30 usiku. Siti A4."

Nikahesabu herufi. Ujumbe mfupi mmoja unabeba 160, na huu uliingia na nafasi ikabaki. Hapo kuna mtego mmoja ambao ulinipotezea siku nzima: abiria wa njia ya Ifakara walikuwa wanapokea tiketi iliyokatika vipande viwili, na cha pili wakati mwingine kinatangulia. Sababu ilikuwa Mang'ula. Mtu aliyejaza majina ya vituo alitumia kile kistari cha juu kilichopinda, na herufi moja ya namna hiyo inaushusha ujumbe wote kutoka herufi 160 hadi 70. Nikaweka kistari kilichonyooka cha kawaida, ukarudi kuwa mmoja. Kiswahili hakina alama juu ya herufi zake, ni ng' peke yake ya kuangalia.

Wiki mbili baadaye mama yangu alikuwa na safari ya Arusha kumwona mjukuu. Sikumkatia tiketi, nilimwacha akate mwenyewe, na mdogo wangu nikamwambia asimsaidie. Alichukua muda. Alinipigia mara moja kuuliza kama C ni dirishani, nikamwambia kwenye basi lile A ndiyo dirishani, na siku iliyofuata nikaongeza neno dirishani kwenye picha ya siti. Usiku ule wa Alhamisi sikulala. Saa nane na dakika kumi na tano simu ikaita, nikasikia mngurumo wa injini kabla ya sauti yake.

"Nimeshapanda," akasema. "Wewe lala."